Kuomba nafasi ya uzamili wa usanifu wa mandhari ukiwa Lamu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa mwambao aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, iwe ni ya usanifu majengo, mipango miji, misitu, sayansi ya mazingira au jiografia, na ambaye sasa anataka kusomea uzamili wa usanifu wa mandhari, yaani taaluma inayoshughulikia ardhi iliyo nje ya kuta za nyumba: fukwe, viwanja, mitaro, njia, bustani na miti. Kila msimu wa maombi huletewa majalada ya kazi, yaani mikusanyo ya michoro ya waombaji, niyapitie kabla hayajatumwa, na kasoro ninayoikuta mara nyingi ni ile ile. Jalada limejaa picha za kompyuta za bustani yenye nyasi na mabenchi, ambayo ingeweza kuwa Nairobi, Dubai au popote pale, ilhali aliyeichora amekulia kwenye kisiwa ambacho maji yake matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga. Mchoro mmoja wa mahali unapopajua kwa miguu yako una uzito zaidi ya picha hizo zote, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu namna ya kuupata.

Hatua ya kwanza: jua ni kozi ipi unayoiomba, na nani atailipia

Jina moja la shahada hubeba kozi za urefu tofauti. Nchini Marekani, mtu asiye na msingi wa usanifu kwa kawaida husoma miaka mitatu, na aliye na shahada ya kitaaluma ya usanifu anaweza kuruhusiwa kumaliza kwa miaka miwili. Harvard, iliyoanza kufundisha taaluma hii mwaka 1900, huwatenganisha waombaji kwa njia hiyo. Afrika Kusini kuna kozi ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na nyingine Pretoria, ambako taaluma hii hufundishwa tangu shahada ya kwanza. Ujerumani ina kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, mojawapo ikiwa ya Chuo cha Anhalt mjini Bernburg. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kina idara ya usanifu wa mandhari, na wahadhiri wake ni watu wa kuwaendea kwa ushauri hata kama nia yako ni kusoma nje.

Suala la ufadhili liangaliwe siku hiyo hiyo, si baada ya kupata nafasi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja tu na hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa hiyo anayelenga kozi ya miaka miwili hawezi kuutegemea, na nimeona watu wakiligundua jambo hili wakati tarehe nyingine zote zimeshapita. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, lakini jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Angalia pia kama kozi ina ithibati ya chombo cha taaluma katika nchi yake, LAAB kwa Marekani au Landscape Institute kwa Uingereza, kwa sababu bila ithibati hiyo njia ya kusajiliwa kufanya kazi kule huwa ndefu.

Hatua ya pili: chagua mahali pamoja na swali moja

Usichague Lamu nzima. Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na mengi yameandikwa juu ya milango na madaka yake. Mwombaji anayerudia hayo huonekana kama mtalii kwao. Chagua mahali unapoweza kufika kwa miguu wakati wowote, bahari ikiwa imejaa au imekupwa, masika na kiangazi. Uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome unafaa kwa swali la kivuli, la nani hukaa wapi saa ngapi na kwa nini. Ukingo wa mikoko unafaa kwa swali la mpaka kati ya nchi kavu na bahari. Mimi nitatumia vilima vya mchanga vya Shela, kwa sababu swali lake ni zito na kila mtu wa mui (mji) analielewa: mchanga huu ukijengwa, maji yatatoka wapi?

Ili uweze kuuliza swali hilo kwa namna itakayoheshimiwa chuoni, lazima uelewe kinachotendeka chini. Mvua hupenya mchanga kwa urahisi, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama mafuta juu ya mchuzi. Hesabu inayotumiwa na wataalamu wa maji ni kwamba kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone uzito wake: pampu zikishusha maji kwa nusu mita, na hali ikabaki hivyo hadi itulie, mpaka wa chumvi hupanda takriban mita 20. Ndiyo maana paa, sakafu ya saruji, shimo la choo na bwawa la kuogelea juu ya mchanga ni mambo ya usanifu wa mandhari, wala hayamhusu mhandisi wa maji peke yake.

Hatua ya tatu: pima

Kabla ya kupima, omba ruhusa. Mwone mzee wa mtaa, eleza unachofanya, na usiwapige watu wala nyua zao picha bila idhini. Kisha tafuta mwenzako mmoja, fito mbili zilizonyooka zilizowekwa alama kila sentimita, kamba ya mita 50, daftari, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi waashi wanaoutumia kusawazisha msingi. Vifaa hivi vinatosha.

Anzieni ukingo wa maji wakati wa bamvua, bahari ikiwa imekupwa kabisa, na mwelekee nchi kavu kwa mstari ulionyooka hadi nyuma ya kilima. Kila baada ya mita tano simamisheni fito mbili, shikeni ncha za mpira kwenye fito, ngojeni maji yatulie, na msome kila mmoja kimo chake. Tofauti ya vimo viwili ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Chini ya kila ufito pawe na kipande cha ubao, kwani ufito ukizama mchangani hata kidogo vipimo vyote vya mbele huharibika pamoja nao. Hakikisheni hamna mapovu ndani ya mpira. Mkifika mwisho, rudini mkipima upya hadi mlipoanzia, na tofauti kati ya safari mbili iandikwe wazi, kwa sababu mkaguzi mzuri huiamini kazi inayotaja kiasi cha kosa lake.

Katika mstari huo huo andika kila kinachobadilika: pale mwani na takataka za bahari zilipolala, yaani alama ya maji kujaa, pale mmea wa kwanza unapoanza, ambao aghalabu ni ule mtambaazi wenye maua ya zambarau, Ipomoea pes-caprae, unaoushika mchanga usipeperuke, pale nyayo za watu na punda zilipoukata. Ili vimo vyako vifungamane na usawa unaojulikana, tumia majedwali ya maji kupwa na kujaa ya Mamlaka ya Bandari, ukikumbuka kuwa saa za Kilindini, Mombasa, hazilingani sawasawa na za Lamu.

Halafu visima. Kwa ruhusa ya mwenyewe, teremsha kamba yenye uzito upime kina hadi maji, na upime chumvi kwa kifaa kidogo cha mkononi, mwishoni mwa kaskazi kabla mvua hazijaanza, kisha tena baada ya mvua kubwa za Mei. Waulize akina mama wanaoteka maji ni mwezi gani ladha hubadilika na tangu lini. Jibu la bibi anayekumbuka kisima kilichoachwa lina nafasi kwenye jalada lako kando ya namba zako, mradi useme ni kauli ya mwenyeji na usimtaje jina bila ridhaa yake.

Majina ya mimea yaandikwe kwa Kiswahili na kwa jina la kisayansi. Aliyechagua ukingo wa mikoko ana utajiri mkubwa hapa: mlilana hukabili bahari, mkoko hufuata, mkandaa hukaa nyuma zaidi, na mchu huonekana pande zote mbili. Mpangilio huo wenyewe tayari ni mchoro. Mmea usioujua, mfano wake waweza kutambuliwa na hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Hatua ya nne: chora mkato kabla ya kitu kingine chochote

Mkato ni mchoro unaoonyesha ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni. Kwa kipimo cha 1:500, mita 200 huwa sentimita 40, zinazoingia kwenye karatasi ya A3 iliyolazwa. Ikiwa umekuza vimo ili kilima kionekane, andika umekuza mara ngapi. Chora bahari, mchanga, mizizi, maji matamu na mpaka wa chumvi, na mtu mmoja mwenye ndoo ili kimo kieleweke. Tofautisha ulichopima na ulichokadiria: mstari mzima kwa cha kwanza, mstari wa vidoa kwa cha pili.

Ramani zifuate baadaye. Programu ya QGIS ni ya bure na inatosha. Njia ya kulaza tabaka juu ya tabaka, udongo, maji, mimea, matumizi ya watu, ambayo msanifu wa mandhari Ian McHarg aliisambaza akifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, bado ni mwanzo mzuri, ila usiweke tabaka lisilojibu swali lako.

Pendekezo liwe dogo. Njia iliyoinuliwa kwa boriti ili nyayo zisikate mimea, pamoja na uzio wa makuti wa kunasa mchanga, yatosha kabisa. Lichore likiwa na umri: mwaka wa kwanza, wa tano, wa ishirini. Mfano wa karibu ni Bamburi, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo matupu ya kiwanda cha saruji. Mvinje ulistahimili, majongoo wakaligeuza jani lake kuwa udongo, na miti mingine ikafuata. Picha ya siku ya kupanda isingekuambia lolote kati ya hayo.

Hatua ya tano: jalada, barua na wadhamini

Hapa nitakuwa mfupi. Soma masharti ya kurasa na ukubwa wa faili ya kila chuo, kwani hayafanani. Kazi ya kikundi itaje sehemu uliyoifanya wewe. Katika barua, acha ule mwanzo wa kupenda miti tangu utotoni. Anza na swali lako, kisha eleza usichoweza kukijibu bila mafunzo. Kwa Lamu mazingira ya swali yapo tayari: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa ujenzi wa bandari ulikiuka haki za wenyeji na ikaamuru wavuvi wafidiwe takriban shilingi bilioni 1.76, na mwaka 2021 gati la kwanza likaanza kazi. Mwandishi anayeweza kusema msanifu wa mandhari angepaswa kuketi wapi katika mchakato ule atasomwa hadi mwisho. Wadhamini, yaani wale watakaokuandikia barua za kukupendekeza, wapewe nakala ya mkato wako pamoja na ombi, angalau miezi miwili kabla, ili waandike juu ya kazi badala ya tabia njema.

Hatua ya sita: kalenda na mahojiano

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au Januari. Ukihesabu kurudi nyuma, vipimo vya kwanza vya visima vinapaswa kufanyika Februari au Machi, vya pili Juni, michoro ikamilike kabla ya Septemba. Anayeanza Oktoba hataona tofauti ya mvua, na afadhali asubiri mwaka mwingine.

Ukiitwa kwenye mahojiano ya video, weka daftari la vipimo mezani. Swali ambalo waombaji wengi hukwama nalo halihusu nadharia. Ni pale mhojaji anapouonyesha mchoro wako kwa kidole na kuuliza ulisimama wapi ulipopima pale, na ulijuaje kuwa maji yameishia hapo. Fungua ukurasa wa siku ile, umsomee namba.