Somo: Kumhudumia mtoto mwenye pumu anapopata mafua

Kwa mtoto mdogo mwenye pumu, mafua ya kawaida yanayoletwa na virusi ndiyo chanzo kikubwa cha kubanwa kifua, kwa kuwa njia zake za hewa, ambazo ni nyembamba, huvimba na kujaa makamasi. Basi usingoje kifua kianze kulia; jiandae tangu siku anapoanza kupiga chafya.

Hatua ya kwanza. Soma upya maelekezo ya daktari wake, kisha hakikisha kwamba inhela (kifaa cha kupulizia dawa mdomoni) ya kutuliza, yaani ya salbutamoli, bado ina dawa na haijapitwa na muda. Inhela ya kuzuia, kama amepewa, iendelee kila siku.

Hatua ya pili. Mpe dawa kwa kutumia spesa, yaani chombo chenye uwazi kinachounganishwa na inhela ili mtoto aivute dawa polepole, na hapa nawasihi muwe makini, maana dawa nyingi hupotea bila kufika kwenye mapafu. Tikisa inhela, funika pua na mdomo kwa barakoa ya spesa bila kuacha upenyo, bonyeza mara moja tu, kisha mwache apumue mara tano au sita. Subiri nusu dakika hivi, tikisa tena, ndipo ubonyeze mara ya pili.

Hatua ya tatu. Mvue shati akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, ni za haraka mno. Tazama pia chini ya mbavu: pakibonyea kila anapovuta hewa, mpeleke hospitali mara moja. Fanya hivyo pia akishindwa kunyonya au kuzungumza, akilegea, au midomo ikibadilika rangi.

Mengine ni mepesi: vinywaji kidogo kidogo, parasetamoli kwa kadiri ya uzito akiwa na homa, na moshi wa aina yoyote uwe mbali naye. Asipewe aspirini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwanangu wa miaka miwili hulia sana nikimwekea barakoa. Je, dawa inaingia?

Jibu: Huingia kidogo sana, mama. Mpakate, mtulize kwanza, na siku akiwa mzima mwache aichezee barakoa ili aizoee.

Swali: Nisipokuwa na spesa nifanyeje?

Jibu: Chupa safi ya plastiki ya mililita 500 husaidia. Toboa tundu kitakoni mwake linaloshika mdomo wa inhela barabara, naye apumulie kwenye mdomo wa chupa.

Swali: Je, nimfukizie mvuke wa maji moto?

Jibu: Hapana. Hautibu pumu, na watoto wengi huungua kwa njia hiyo.

Swali: Anapata nafuu, lakini baada ya saa mbili kifua kinabana tena. Niongeze dawa?

Jibu: Nafuu isiyodumu kwa muda wa saa nne ni dalili kwamba anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Nenda na inhela na spesa yake, na umweleze daktari umempa dawa mara ngapi na saa ngapi.