Kupanga eneo la viwanda bila kuangamiza nyasi za asili

Kazi hii huamuliwa kwenye ramani, kabla ardhi haijalipiwa. Mtaalamu wa mimea akiitwa baada ya michoro kupitishwa, kinachobaki ni kuhesabu hasara.

1. Pima katika msimu wake. Weka fremu za mita 1 kwa 1 kila aina ya udongo, uandike spishi zote zilizomo. Fanya hivyo wakati wa maua na masuke, kwani nyasi nyingi hazitambuliki bila masuke, na mimea yenye viazi au vitunguu vya ardhini haionekani kabisa kiangazi. Ulizia pia historia ya ardhi. Sehemu isiyowahi kulimwa wala kutiwa mbolea ilindwe kwanza: fosforasi hudumu udongoni miaka mingi, na wanaofaidi ni magugu.

2. Tenga kipande kimoja kikubwa. Hapa ndipo wachoraji wengi hukosea, wakigawa "maeneo ya kijani" kandokando ya barabara. Chukulia kwamba magugu, vumbi na taa huathiri mita 50 kutoka ukingoni. Mraba wa hektari 10 hubakiwa na kiini, yaani sehemu ya ndani isiyoathirika, cha takriban hektari 4.7. Ukiugawa katika miraba minne, viini vyote kwa pamoja havifiki hektari 1.4. Ukanda wa mita 100 kwa 1,000, ambao nao ni hektari 10, haubakiwi na kitu.

3. Fidia, yaani kuboresha nyasi kwingine badala ya zile unazoharibu, iwe njia ya mwisho, na ihesabiwe kwa hali ya uoto. Hali hupewa alama kati ya 0 na 1, kisha huzidishwa kwa hektari. Ukipoteza hektari 6 zenye alama 0.8, deni lako ni 4.8. Kuinua hektari 20 kutoka 0.4 hadi 0.6 kunalipa 4.0 tu, unahitaji hektari 24. Mkopeshaji anayefuata Kiwango cha Utendaji Namba 6 cha IFC (shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi), toleo la 2012, atadai faida halisi pale makazi ya viumbe yanapoitwa nyeti, si kufidia hasara tu.

4. Zungushia uzio kabla greda halijafika. Vinginevyo eneo lililotengwa litageuka maegesho na jaa la kifusi. Osha matairi na minyororo ya mitambo langoni, maana mbegu za magugu husafiri ndani ya tope. Udongo wa juu ukilazimika kuondolewa, urundike usizidi mita 2 kwenda juu na uutumie mapema. Lundo refu hukosa hewa, mbegu zikafa. Mifereji ya mvua ipite mbali, kwa sababu maji ya paa na lami hubeba rutuba na kubadilisha unyevu.

5. Usipande miti. Kivuli huua nyasi zinazohitaji jua, hata kama picha ya uzinduzi itapendeza.

6. Gawa eneo mara tatu, ukate, ulishe mifugo au uchome sehemu moja kwa zamu, ili wadudu na ndege wawe na pa kukimbilia. Nyasi zilizokatwa ziondolewe. Zikiozea hapo hufunika miche. Gharama hii haina mwisho, hivyo mfuko wake uwekwe kwenye mkataba wa ardhi, umfuate kila mmiliki mpya.