Petroli ikimwagika ndani, swichi iache ilivyo

Hii nimeipata kwa fundi wa jenereta, na inawahusu wote wanaolaza pikipiki sebuleni au kuweka madumu stoo. Petroli ikimwagika ndani, usiguse swichi. Taa inayowaka iendelee kuwaka. Mkono hukimbilia kuzima, lakini swichi hutoa cheche inapozimwa sawa na inapowashwa, na mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, sembuse joto la Dar. Tena ni mzito kuliko hewa: haupandi juu ukaondoka, unatambaa sakafuni na kupenya chini ya mlango hadi kwenye jiko la jirani. Kwa hiyo toa watu, acha milango wazi, waambie majirani wazime moto, kisha funika kwa mchanga mkavu kuanzia pembeni kuja katikati. Zoa kwa kizoleo cha plastiki, peleka nje mbali na mtaro. Maji hapana, petroli huelea na kusafiri nayo.

Friji ndiyo inayoharibu mpango, kwa kuwa hujiwasha yenyewe. Kama swichi kuu iko nje, mbali na harufu, kata umeme huko. Na mchanga ni wa kumwagika kidogo tu, wala hauzuii mvuke wote. Likiwa dumu zima, au moto umeshashika, toka. Tanzania zimamoto ni 114.