Kuongeza embe kwenye picha lisionekane ni nakala
Nilikuwa na picha ya sinia lenye maembe matatu, na bango linahitaji matano. Kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, chora kwa Lasso (kifaa cha kuchagua sehemu ya picha) kuzunguka embe moja pamoja na kivuli chake, kisha bonyeza Ctrl+J: nakala inakaa kwenye leya yake, yaani tabaka lake juu ya picha, na picha ya chini haiguswi. Halafu bonyeza Ctrl+T, ya kubadili mkao na ukubwa: lizungushe embe kidogo, ulipunguze kiasi. Hapo ndipo kazi ilipo, maana jicho hunasa upesi doa linalojirudia. Langu lilikuwa na kidoa cheusi karibu na kikonyo, nikakifuta kwenye kila nakala. Mwanga ukitoka ubavuni, usiligeuze kushoto kulia kama kwenye kioo: kivuli kitaangukia upande usio wake. Embe lililofunikwa nusu na jingine liache, nakala itatoka imekatika.