Kabla ya Kununua Lenzi ya Kupigia Picha Nyota za Bagamoyo

Mtu anayekusudia kupiga picha za anga la usiku huanza kwa kuuliza bei ya lenzi, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa nyota anazozitaka zitakuwa upande gani, na juu kiasi gani, pale atakaposimama. Bagamoyo iko takriban nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, kilicho mpakani mwa buruji za Akarabu na Kausi, hupita karibu na utosi: usiku wa manane mwishoni mwa Juni hufikia kimo cha nyuzi 67 hivi kutoka upeo wa macho wa kusini. Anayetaka magofu ya Kaole chini na kitovu hicho juu katika picha moja anahitaji lenzi inayoona zaidi ya nyuzi 70 kwa wima. Kwa kamera yenye sensa kamili, yaani kipande kikubwa cha kunasa mwanga, lenzi ya milimita 24 (milimita zikiwa chache, lenzi huona eneo pana zaidi) kamera ikisimamishwa wima huona nyuzi 74, kwa hiyo itatosha kwa taabu, na kitovu kitabanwa kwenye ukingo wa juu. Ya milimita 20 huona nyuzi 84 na huacha nafasi ya kupumua. Mwenye kamera ya sensa ndogo, ambayo ndiyo wengi tunayoanza nayo, agawe milimita hizo kwa 1.5, maana milimita 24 kwake hufanya kazi ya milimita 36.

Majira nayo hubadilisha hesabu. Kitovu kinapochomoza hukaa kusini-mashariki, na upande huohuo, umbali wa kilomita zipatazo 60, ndiko kuliko mng'ao wa taa za Dar es Salaam. Picha ya chini upande huo huchafuka hata kwa lenzi ya gharama kubwa. Septemba ikifika, mnamo saa nne usiku, kitovu huwa kimeshuka upande wa bara, kusini-magharibi, kwenye kimo cha nusu tu ya kile cha juu kabisa, na hapo lenzi ya milimita 24, au hata 35, humwezesha mpigaji kupata minazi na nyota bila kuhangaika.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote ni tundu la lenzi, linalopitisha mwanga na kupimwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Tofauti ya f/2.8 na f/1.4 ni mwanga mara nne kwa muda uleule, lakini namba ya f peke yake haisemi yote, kwa sababu mwanga wa nyota huingia kwa kadiri ya upana halisi wa tundu, unaopatikana kwa kugawa milimita za lenzi kwa namba yake ya f. Lenzi ya milimita 14 yenye f/2.8 ina tundu la milimita 5 tu. Ya milimita 24 yenye f/1.4 ina tundu la milimita 17, na eneo lake ni zaidi ya mara kumi na moja ya lile la kwanza. Ndiyo maana lenzi pana mno, ambazo huvutia sana dukani, hutoa nyota nyembamba na hafifu. Kwa maoni yangu, anayenunua lenzi moja tu achukue ya milimita 20 au 24 isiyovuta, yaani isiyobadili milimita zake, yenye f/1.8, na aiache ile ya milimita 14 kwa siku nyingine.

Lenzi ndefu pia hufupisha muda wa kuacha shata, yaani pazia la kamera, wazi. Wengi hugawa 500 kwa milimita za lenzi, wakapata sekunde 20 kwa milimita 24. Hapa kwetu hesabu hiyo ni ya ukarimu mno: ncha ya anga ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, na nyota zinazopita utosini ndizo zinazokimbia kwa kasi kamili. Kugawa 300, yaani sekunde 12 hivi kwa lenzi hiyo, kutaziacha nyota zikiwa nukta badala ya vistari.

Kabla ya kulipa, muuzaji akikuruhusu, piga picha ya taa ndogo ya mbali ukiiweka kwenye pembe ya fremu huku tundu likiwa wazi kabisa. Ikiota mabawa kama ndege, utalazimika kuibana lenzi hadi f/2.8, na fedha ulizolipia f/1.4 zitakuwa zimepotea. Lenzi iliyokwishatumika imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, kwa sababu ukungu unaoota ndani ya vioo ni ugonjwa wa kawaida wa vifaa vya pwani. Kichujio cha kukinga kioo kivuliwe usiku. Huzaa taa za uongo.

Usiamini alama ya mbali kabisa iliyochongwa kwenye pete ya fokasi, ile inayonoa picha. Usiku usio na mwezi ndio uitwao giza na wavuvi wa dagaa, ambao hutoka na taa zao usiku huohuo unaoutaka wewe. Taa iliyo kilomita moja baharini inatosha kabisa kufokasia lenzi ya milimita 24: ikuze kwenye kioo cha nyuma cha kamera, zungusha pete mpaka iwe nukta, kisha uifunge pete kwa utepe. Ukimaliza, geuza kamera, kwa kuwa taa hizo zikiingia kwenye fremu zitaunguza upeo wote.

Lenzi itolewe kwenye chumba chenye kiyoyozi saa moja kabla, ikiwa bado ndani ya begi, isije ikalowa umande wa ghafla. Na kwa kuwa mwezi unapoandama maji nayo huwa ya bamvua, atakayesimamisha miguu ya kamera ufukweni saa nne usiku maji yakiwa yamekupwa atazame kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, kwani kabla ya alfajiri pale aliposimama patakuwa bahari.