Somo: Taco za samaki wa jani la mgomba, kuanzia chokaa ya tambuu hadi glasi ya danzi

Habari zenu wapenzi wa jiko. Somo hili la chakula cha Meksiko nimelidaiwa muda mrefu, leo nalilipa lote. Neno moja kwanza: chakula chenyewe, mkate wa mahindi wa duara unaofungiwa samaki ndani, kinaitwa taco, nami nitaendelea kuliandika kwa herufi zao, maana kwa herufi zetu linageuka neno la kukosa adabu, na humu wamo wazee wetu.

Ukipanda basi Segera kuja Tanga mjini, mkonge unakusindikiza njiani. Asili ya mkonge huo ni kusini mwa Meksiko, na ulisafirishwa kutoka rasi ya Yucatán. Hata jina lake la kizungu, sisal, ni jina la bandari ndogo ya huko ambako nyuzi zilipakiwa melini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kupitia Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mahindi, nyanya, pilipili na parachichi navyo vilitoka upande huohuo wa dunia. Ndiyo maana nimechagua mapishi ya Yucatán. Yale ya nyama ya kusaga na jibini nyingi ya manjano ni ya Wamarekani wa Texas zaidi.

Ninalotaka mlishike leo ni hili: sisi tulipokea punje ya mahindi, lakini ufundi wake wa chokaa haukuja nayo. Ukiupata huo, mengine yote tayari unayajua.

Hatua ya 1: Kuchemsha mahindi kwa chokaa (jioni ya kuamkia siku ya kupika)

Kwa watu sita chukua nusu kilo ya mahindi makavu, meupe, mazima, yasiyokobolewa. Tafuta yasiyopigwa dawa ya kuhifadhia, na uyaoshe maji manne. Mahindi ya mbegu yaliyotiwa rangi usiyaguse, ile ni sumu.

Chokaa ni ile ya tambuu, nyeupe tupu, isiyotiwa rangi wala manukato. Wauza tambuu wa Ngamiani wanayo. Bibi yangu alikuwa na kikopo chake chini ya mto, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kitaingia jikoni. Chokaa ya kupaka ukuta haifai kuliwa hata kidogo, msije mkadanganyana.

Chombo nacho kina maneno yake. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na chokaa inaila alumini. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya stenlesi.

Chemsha maji lita moja na nusu, koroga ndani yake nusu kijiko cha chakula cha chokaa, kisha mimina mahindi. Usishike chokaa kwa mikono mitupu kama una kidonda, inachoma. Punguza moto, yaache yatokote taratibu dakika 30 hadi 40. Utaona rangi ikigeuka kutoka nyeupe kuwa manjano hafifu, na harufu itatoka kama ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Hapo chota punje moja, ipoze, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likiteleza na kuvuka kama ganda la choroko zilizolowekwa, epua. Ukiing'ata utakuta nje laini na katikati bado kuna kiini kigumu cheupe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, hatupiki makande. Funika, iache ilale humohumo kwenye maji yake kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili.

Naomba mnivumilie hapa kidogo, maana jambo hili lina uzito. Wenyeji wa Meksiko wamekuwa wakichemsha mahindi kwa chokaa tangu kale. Wazungu walipoyachukua mahindi kwenda kwao, waliuacha ufundi huo nyuma. Maskini wa kaskazini mwa Italia, waliokula uji mzito wa mahindi karibu peke yake, wakapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na wengi walikufa. Ugonjwa huo ukaja kuua pia kusini mwa Marekani. Sababu ni kwamba vitamini ya niasini imo ndani ya punje lakini imefungwa, mwili hauipati. Chokaa ndiyo inayoifungua. Anayekula ugali kwa maharage, dagaa na mboga haponi kwa bahati, anaipata niasini kwingine. Lakini mie nikiwaza kwamba dawa yenyewe ilikuwa kwenye kikopo cha tambuu, naona ni haki kila mama aijue.

Hatua ya 2: Kuosha na kusaga

Asubuhi mwaga maji ya chokaa. Yasugue mahindi kwa viganja chini ya maji safi mpaka maganda mengi yatoke, kisha yasuuze mara tatu. Yakibaki na maganda machache si kosa.

Usiyapeleke kwenye mashine ya mtaani, maana ile ni ya mahindi makavu, haya yaliyolowa yataiziba. Tumia mashine ya mkono ya kusagia nyama, upitishe mara mbili au tatu, au utwange kwenye kinu. Mwenye blenda asage kidogokidogo kwa maji machache, na donge likiwa chepechepe alikaushe kwa kiganja cha sembe. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, kanda. Donge zuri ni kama udongo wa mfinyanzi: ukilibonyeza halipasuki pembeni wala haligandi mkononi. Lifunike kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 3: Samaki

Nenda soko la samaki la Deep Sea mapema, chukua changu au kolekole wa kilo moja na nusu. Mwambie mpaa samaki ampasue mgongoni afunuke kama kitabu, magamba ayaache upande wa ngozi, yatamkinga na moto.

Huko Yucatán pishi hili linaitwa tikin xic, na rangi yake nyekundu inatoka kwenye mbegu za mzingefuri, mti uleule ambao Unguja wanawaonyesha wageni kwenye mashamba ya viungo. Kaanga vijiko viwili vya mbegu kwenye vijiko vinne vya mafuta kwa moto mdogo sana, dakika tano. Mafuta yakishaiva rangi, chuja, mbegu tupa. Ukizikosa, tumia paprika ya unga. Rangi utapata, ladha itapungua kidogo.

Twanga vitunguu saumu punje tano, pilipili manga, bizari nyembamba kijiko cha chai, karafuu mbili na chumvi. Changanya na mafuta yako mekundu na maji ya madanzi matatu. Danzi, naam, lile chungwa chungu ambalo watoto wanalikimbia. Kule ndilo tunda la kuungia samaki na nyama. Pasipo danzi, kamua chungwa moja la Muheza kwa kila ndimu moja.

Mpake samaki, akae saa moja, zikizidi mbili ukali wa danzi utamla nyama. Babua jani la mgomba juu ya moto lilainike, mlaze samaki juu yake ngozi ikiwa chini, funika kwa jani jingine, weka juu ya makaa yasiyo na miale. Dakika 25 hadi 30 zinatosha. Nyama ikiachana kwa uma bila kulazimishwa, ameiva.

Hatua ya 4: Kachumbari ya pua la mbwa

Jina lake ni xnipec, tamka shnipek, na kwa lugha ya Kimaya maana yake ni pua la mbwa, kwa sababu inakulowesha pua kwa ukali. Katakata vitunguu vyekundu viwili na nyanya mbili, pilipili mbuzi moja iliyotolewa mbegu, kamulia madanzi mawili, chumvi, kotmiri. Pilipili mbuzi na ile habanero ya Yucatán ni ukoo mmoja, kwa hiyo hapa huna haja ya kuagiza kitu. Ikae nusu saa kabla ya kuliwa. Pembeni ponda parachichi la Lushoto kwa ndimu na chumvi.

Hatua ya 5: Tortiya

Ndiyo mkate wenyewe wa duara wa kufungia samaki. Donge lako litatoa kama thelathini. Finyanga kidonge cha ukubwa wa ndimu, kiweke katikati ya vipande viwili vya nailoni safi au jani la mgomba, kigandamize kwa kibao cha chapati mpaka kiwe chembamba na upana wa kiganja. Usisukume kwa mti wa chapati, donge hili halivutiki kama la ngano, litachanika.

Kikaango cha chuma kiwe cha moto sana, hakuna mafuta. Upande wa kwanza nusu dakika, geuza, upande wa pili dakika moja, geuza tena na ubonyeze katikati kwa kitambaa. Kama donge lilikuwa sawa, tortiya itavimba yenyewe kama chapati ya maji iliyoshikwa na upepo ndani. Mara ya kwanza ilipovimba kwangu niliwaita watoto wote waje kuangalia. Zipange ndani ya kitambaa, juu weka kawa, zikae dakika kumi zijitokeze jasho. Hapo ndipo zinapolainika. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanalalamika kuwa ni kavu.

Kula: tortiya, samaki, kachumbari, parachichi. Kwa mkono.

Vinywaji

Glasi ya danzi: sugua ukingo wa glasi kwa ndimu, uchovye kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili kidogo. Kwenye chupa yenye kifuniko tia mililita 100 za maji ya chungwa na danzi nusu kwa nusu, mililita 25 za ndimu, vijiko viwili vya chakula vya shira, na barafu iliyopondwa. Tikisa kwa nguvu mpaka chupa itoke jasho, mimina.

Rozela: kikombe kimoja cha maua makavu kwa lita mbili za maji, chemsha dakika tano, funika dakika ishirini, chuja, sukari na ndimu kwa kadiri unavyopenda. Wameksiko wanakunywa hii na maji ya ukwaju kila siku, na mimea yote miwili ilifika kwao kutoka upande wetu wa bahari. Ukwaju sitawafundisha watu wa Tanga.

Maswali ya wanakikundi

*Swali, kutoka Pongwe:* Shikamoo mama. Siwezi kutumia sembe tu nikaepuka hayo ya chokaa?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Nilianza hivyohivyo mimi, siku ya Idi pili, nyumba ina wageni. Nilikanda sembe kwa maji ya moto, tortiya zikachanika zote mikononi mwa watu na samaki akaangukia kwenye kanzu ya shemeji yangu. Niliumia sana. Sembe imeondolewa ganda na kiini, na haijapata chokaa, kwa hiyo haina cha kuishikanisha. Ukibanwa na muda, changanya vikombe viwili vya sembe na kimoja cha ngano, mwagia maji yanayochemka, kanda. Italiwa, ila ladha ile hutaipata.

*Swali, kutoka Lushoto:* Dada, sisi milimani makande tunalainisha kwa magadi. Hayatoshi?

*Jibu:* Ganda yatalitoa, lakini magadi hayana kalsiamu iliyomo kwenye chokaa, na hiyo ndiyo inayosaidia donge kushikana. Tena yakizidi kidogo utasikia ladha ya sabuni. Baki na chokaa, dada yangu.

*Swali, kutoka Hale:* Mama, nasikia tequila inatoka kwenye mkonge. Mkonge uko mlangoni kwetu. Tunaweza kutengeneza?

*Jibu:* Hapana mwanangu, na tafadhali usijaribu. Tequila inatoka kwenye ndugu wa mkonge, ile agave ya buluu, inayolimwa hasa jimbo la Jalisco, na jina lenyewe linalindwa kisheria. Wanaoka moyo wa mmea, si majani. Mkonge wetu ni agave nyingine, na waliokata majani shambani watakwambia jinsi maji yake yanavyowasha ngozi.

*Swali:* Samahani kuuliza, kwa anayetumia kileo glasi ya danzi inakuwaje?

*Jibu:* Mimi situmii, ila nilipika miaka kadhaa kwenye jiko la hoteli na vipimo navijua. Margarita ni mililita 50 za tequila, 20 za likeri ya machungwa, 15 za ndimu, na chumvi kwenye ukingo. Danzi hapo halihitajiki, likeri ina uchungu wake.

*Swali, kutoka Raskazone:* Pweza je?

*Jibu:* Anafaa mno. Mchemshe kwanza alainike, ndipo umpake viungo na kumpitisha kwenye makaa dakika tano.

*Swali, kutoka Chumbageni:* Bi mkubwa, nimefuata yote, mahindi yamevuka maganda vizuri, lakini tortiya hazivimbi na kingo zinapasuka.

*Jibu:* Kingo kupasuka ni donge kavu. Lowesha viganja, kanda tena, jaribu kidonge kimoja kabla ya kuendelea. Zisipovimba bado, angalia vitu viwili: kusaga na moto. Ukiona chembechembe unapolifikicha, rudisha mashineni. Na kikaango dondoshea tone la maji: likikaa na kutokota, bado, likirukaruka na kupotea papo hapo, weka tortiya.