Mdomo ukipinda wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Aprili 2020, Mbagala. Baba mkubwa alikuwa barazani na chai yake, saa mbili asubuhi, kikombe kikamponyoka. Akaniita, jina langu likatoka nusu. Hospitali tuliiogopa: mtaani ilisemwa ukiingia wakati wa korona hutoki. Mama mkubwa akachemsha mwarobaini, mchaichai na malimao, tukamfunika blanketi, tukampiga nyungu. Tulifika hospitali saa moja usiku. Kilikuwa kiharusi, na mkono wa kulia haujarudi mpaka leo.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi waliolazwa katika vituo 457 vya nchi 70: miezi minne kabla ya korona walikuwa 91,373, miezi minne ya mwanzo wa korona wakawa 80,894. Mishipa haikwenda likizo, hasa ukizingatia korona yenyewe hugandisha damu. Naamini wengi walikaa nyumbani kama sisi.

Kwa hiyo likija gonjwa jingine la mlipuko na mtu akabadilika ghafla hivyo, mwambie acheke uone kama mdomo unakwenda upande. Ainue mikono yote miwili, uhesabu hadi kumi. Aseme "kesho naenda Kariakoo kununua mchele". Akishindwa kimoja tu, ondokeni. Hata akirudi sawa baada ya dakika kumi, nendeni vilevile. Hilo ni onyo.

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, siyo saa mliyomkuta. Kama kaamka hivyo, andika saa aliyokwenda kulala. Sisi tuliharibu kwa kuchelewa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwanza lazima CT scan, kipimo cha picha ya ubongo, ionyeshe kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Ndiyo maana usimpe aspirini: kama damu inavuja, utaizidisha. Maji na uji pia hapana, koo likilegea atapaliwa. Usimrundikie vidonge vya presha ili "ishuke haraka".

Usianzie duka la dawa wala zahanati ya kupima malaria. Ulizia mapema, leo, ni hospitali ipi ya karibu yenye CT scan. Bajaji inatosha, mtu akae naye nyuma amshike. Akitapika mgeuzeni ubavu. Boda hapana. Vaeni barakoa, aende msindikizaji mmoja, na getini usianze hadithi ya homa na mafua. Sema: "Ni kiharusi, kimeanza saa mbili."

Wenye presha wajiwekee dawa za mwezi mzima, maana kliniki zikipungua vidonge ndivyo huachwa kwanza.

Kwetu sasa kuna karatasi nyuma ya mlango: majina ya dawa za baba mkubwa, namba ya dereva wa bajaji, na nafasi ya kujaza saa. Chini kabisa mama mkubwa ameandika kwa kalamu nyekundu: nyungu marufuku.